Kusoma na Kufasiri Biblia: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Suam

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeteremsha Taurati kwa Musa, Zaburi kwa Daudi, Injili kwa Isa, na Kurani kwa Muhammad. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na ndugu zake Manabii wote waliomtangulia.

Amma baad. Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, afanyaye biashara ya nguo huko Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, chini ya mlima Elgon, ametuletea barua darsani yenye masuala matatu, akaomba yajibiwe katika kurasa hizi ili wapate faida na wengine.

Aeleza kwamba majirani zake, Wasabaot na Wabukusu, aghlabu yao ni Wakristo, na ni watu wa insafu katika kuuza na kununua. Jioni moja katika kila wiki hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao wakasoma Biblia, nao wamemwalika aketi pamoja nao. Tena aeleza kwamba wahubiri wetu wa mihadhara hupita Kitale na Bungoma, na mara nyingine hufika mpaka huko mpakani, wakasimama sokoni na kipaza sauti, Biblia mkononi, wakasoma kipande hapa na kipande pale, na kuwafanyia mzaha wenye kitabu hicho. Mara ya mwisho nusura mawe yarushwe. Wahubiri walipanda gari wakaenda zao; yeye akabaki. Majirani waliokuwa wakikopa dukani kwake na kulipa, na kumjulia hali mkewe anapougua, wakawa hawamwitikii salamu.

Masuala yake ni haya. La kwanza: je, ni halali Muislamu kuisoma Biblia? La pili: ni nani mwenye haki ya kuifasiri, na kwa kanuni gani? La tatu: je, wayafanyayo wahubiri wetu ni sawa?

JAWABU LA SUALA LA KWANZA

Ni halali, kwa masharti yake.

Zaid bin Thabit (R.A.), mwandishi wa wahyi, aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda wa kama nusu mwezi, akawa akimwandikia Mtume barua ziendazo kwao na akimsomea zitokazo kwao. Kadhalika imo katika Sahihi Bukhari, kwa mapokezi ya Abu Huraira (R.A.), ya kwamba Watu wa Kitabu walikuwa wakiisoma Taurati kwa Kiibrania na kuwafasiria Waislamu kwa Kiarabu. Mtume aliwaelekeza masahaba wasiwasadiki wala wasiwakadhibishe, bali washuhudie kuwa wanayaamini yaliyoteremshwa kwetu na yaliyoteremshwa kwao. Tazameni adabu hiyo! Hakuwaambia wazibe masikio, wala hakuwaambia wacheke. Aliwafundisha kusikiliza na kungoja.

Atasema mtu: mbona Mtume alimkasirikia Sayyidna Umar alipomjia na kurasa za Taurati? Hadithi hiyo imepokewa na Imam Ahmad, na wanavyuoni wameitia maneno katika isnadi yake. Na hata tukiichukua, maana yake ni kumkataza mtu asitafute uongofu pengine hali Mtume yu hai mbele yake. Haikuwa maana yake kwamba Muislamu asijue jirani yake aamini nini.

Wala msidhani mjadala huu ni wa leo. Katika karne ya 9 ya Hijra, huko Misri, Sheikh Burhanuddin al-Biqai (aliyefariki mwaka 885 H., yaani 1480) aliandika tafsiri kubwa ya Kurani akanukuu ndani yake Taurati na Injili nyingi. Sheikh Sakhawi akasimama kumpinga na kuandika kitabu cha kuharamisha. Al-Biqai naye akaandika kitabu cha kujitetea. Wote wawili walikuwa wanafunzi wa Ibn Hajar. Khitilafu yao ilikuwa ya watu wenye elimu, kila mmoja ana hoja yake na kitabu chake, wala hapakuwa na mawe.

Basi masharti ni mawili. La kwanza, mtu awe amekwisha kutia mguu imara katika Kitabu chake mwenyewe. Kwani asiyejua kuogelea mtoni kwao hatumpeleki bahari ya wenzake. La pili, niya yake iwe ni kujua. Yakubaliwayo na Kurani tunayasadiki. Yapingwayo nayo hatuyachukui. Na yale ambayo Kurani imeyanyamazia, nasi tunayanyamazia.

Ama kuketi na majirani katika kikao chao: ikiwa ni ibada, Muislamu haingii katika ibada isiyo yake, na awape udhuru wake kwa maneno mazuri. Ikiwa ni mazungumzo na kusoma, aweza kuketi kama aketivyo jirani. Asikize, ajibu akiulizwa, na akiulizwa asilolijua aseme hajui. Kisha naye awaalike kwake, awape kahawa, awasomee Sura ya Maryam na maana yake.

JAWABU LA SUALA LA PILI

Kabla ya kutaja kanuni, natuzingatie yaliyotokea katika mlima huo huo anaoutazama ndugu yetu kila asubuhi, kwani ndani yake mna mafunzo makubwa.

Mwaka 1902 wamishonari wa Kiamerika wa madhehebu ya Friends, watu waitwao Quaker, walifika Kaimosi wakaanzisha kituo chao, na baadaye mafundisho yao yakawafikia Wabukusu wa pande za Kimilili, katika miteremko ya kusini ya mlima Elgon. Miongoni mwa waliosoma na kuingia katika madhehebu hayo alikuwamo kijana mmoja hodari wa kandanda, jina lake Elijah Masinde. Alipooa mke wa pili, kanisa likamtoa. Lakini yeye alikuwa amekwisha kujua kusoma. Na mwenye kujua kusoma huona katika Biblia kwamba Nabii Ibrahim alikuwa na wake zaidi ya mmoja, na Yakub vile vile, na Suleiman wake mia saba. Huona pia habari za Musa mbele ya Firauni, na watu waliotolewa katika utumwa kwa mkono wa Mungu. Wakoloni walitaka kitabu hicho kiwafundishe watu utiifu. Wako waliosoma ndani yake habari za ukombozi.

Katika miaka ya 1940 Masinde akaanzisha Dini ya Msambwa, akawaita Wabukusu warejee kwa Wele, Mungu wa wazee wao, na kuwaambia Wazungu warudi kwao. Serikali ikamtia katika hospitali ya wenye wazimu ya Mathari, kuanzia 1945 hata 1947. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati wa wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Dini hiyo ikapigwa marufuku, na yeye akakamatwa, akachukuliwa kutoka mlimani akaletwa mpaka kisiwani Lamu, huku kwetu, wala hakuachiliwa ila mwaka 1961. Serikali iliyokuja baada ya uhuru iliiruhusu dini yake mwaka 1964, kisha nayo ikaipiga marufuku mwaka 1968. Masinde alifariki mwaka 1987.

Hatuyasimulii haya kwa kuisifu dini yake. Sisi twajua tawhidi ni nini. Twayasimulia kwa sababu yanaonyesha jambo moja: kitabu hakijisomi chenyewe. Husomwa na mtu, na mtu huyo amesimama mahali. Aliye juu husoma la kumwezesha kukaa juu. Aliye chini husoma la kumwinua. Basi kama hapana elimu ya kuwahukumu wote wawili, mwenye bunduki ndiye awaye mfasiri.

Na pasipo bunduki, mwenye sauti kubwa huwa ndiye mfasiri. Haya hatuna haja ya kwenda Elgon kuyaona. Mwezi wa Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, si mbali na Malindi, yalifukuliwa makaburi ya watu ambao, kwa mujibu wa mashtaka, walihimizwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Nabii Isa. Maiti zilizotolewa zilipita 400, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Mhubiri wa kanisa lao na wenzake walishtakiwa mwaka 2024, nao wakakana. Hukumu tunawaachia mahakimu. Ila la kuzingatia ni hili: watu wale hawakukosa Biblia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba kitabu kina lugha yake, kina mahali pake, na kina wajuzi wake, na kwamba asomaye peke yake mbele ya watu walionyamaza hana wa kumrudi akipotea.

Je, tucheke? Wallahi, hatuna uso wa kucheka. Tarehe 22 Novemba 2014 watu wanaodai kuitetea Kurani walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawataka abiria wasome Kurani au shahada, na walioshindwa wakauawa: watu 28. Nao walikuwa na aya midomoni, aya walizozikata kutoka mahali pake kama mtu akatavyo kiungo cha mwili. Na tarehe 21 Disemba 2015, katika basi jingine huko huko Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Wauaji walidai Kurani, na mwalimu yule aliishika Kurani hiyo hiyo. Tofauti yao ni kufahamu.

Basi tukitaka wenzetu waisome Kurani kwa insafu, yatupasa nasi Biblia yao tuisome kwa insafu hiyo hiyo. Mwanachuoni wa Kurani hafasiri aya mpaka ajue lugha, ajue sababu ya kushuka, atazame iliyo kabla na iliyo baada, na arejee kwa wapokezi. Kanuni hizo hizo, kwa namna yake, ndizo zimpasazo asomaye Biblia.

Kwanza, lugha. Vitabu vya Agano la Kale asili yake ni Kiibrania, na sehemu chache Kiaramu. Injili nne walizonazo Wakristo zimeandikwa Kiyunani, na hali Nabii Isa na watu wake lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kiaramu. Kwa hiyo Biblia ya Kiswahili ni tarjama. Aidha maneno yake mengi ni yetu: nabii, malaika, shetani, dhambi, toba, sadaka, Injili, Zaburi. Neno laweza kuwa moja na makusudio mawili. Asemapo Mkristo “sala” na asemapo Muislamu “sala”, mtu wa Suam apita na kudhani wamesema jambo moja.

Pili, mahali pa maneno. Kila fungu lina la mbele na la nyuma yake.

Tatu, aina ya maneno. Ndani ya Biblia mna sheria, mna tarehe za wafalme, mna mashairi, mna mifano, mna barua, mna njozi. Afasiriye njozi kama afasirivyo sheria amepotea na kupoteza. Sisi nasi tuna muhkam na mutashabih, na wenye upotofu nyoyoni ndio wakimbiliao mutashabih.

Nne, nuskha. Hapa wajuzi wa Kikristo wenyewe wamefanya kazi ambayo wahubiri wetu wengi hawana habari nayo. Mwaka 1947 zilianza kuonekana hati za kale katika mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Hati ya kitabu cha Isaya iliyopatikana huko ina umri unaozidi kwa kama miaka 1000 hati za Kiibrania zilizojulikana kabla yake, na ilipolinganishwa nazo ilionekana maneno yamewafikiana kwa sehemu kubwa, na penye khitilafu pakaandikwa. Upande wa Kiyunani wamekiri kwamba mwisho wa Injili ya Marko, kuanzia mlango wa 16 aya ya 9, haumo katika nuskha mbili za zamani zilizo mashuhuri. Na kwamba maneno juu ya mashahidi watatu wa mbinguni, katika Waraka wa kwanza wa Yohana, mlango wa 5, hayamo katika nuskha kongwe za Kiyunani. Hayo wameyasema wao kwa vitabu vyao. Ama kusema tu kwamba “Biblia imegeuzwa” bila kujua ni wapi, lini, na kwa dalili gani, si elimu. Maulamaa wetu wenyewe wamekhitilafiana katika jambo hili la tahrifu. Ibn Hazm ameshikilia kuwa maneno yenyewe yamebadilishwa. Wako waliosema kilichopotoshwa ni maana. Na wako waliokwenda katikati. Atakaye kusema na achague kauli, aitaje ni ya nani.

Tano, wajuzi. Wakristo si kundi moja. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66, na kanisa la Uhabeshi lina zaidi ya hivyo. Kama vile isivyofaa kumwuliza muuza samaki juu ya mirathi, haifai kumchukua mpita njia wa sokoni, ukamshinda kwa maneno, kisha ukasema umeushinda Ukristo.

Ni nani basi mwenye haki ya kuifasiri? Haki ya kuisoma ni ya kila mwenye macho. Kuifasiri kwahitaji elimu, na kuwatawala watu kwa tafsiri kwahitaji mengi zaidi ya elimu: uadilifu, na kukubali kurudiwa.

JAWABU LA SUALA LA TATU

Wahubiri wetu ni ndugu zetu, na wengi wao wana ghera ya dini. Hatukanushi fadhila yao. Walakin dini ni nasaha, nasi twawanasihi.

Mihadhara ina asili tukufu. Mwaka 1854, huko Agra katika Bara Hindi, Sheikh Rahmatullah Kairanawi alijadiliana na mmishonari Pfander. Alifanya nini kabla ya kusimama? Yeye na mwenzake, tabibu Wazir Khan aliyejua Kiingereza, walivitafuta vitabu vya wajuzi wa Ulaya wenyewe wakavisoma, hata Pfander akakuta hoja za watu wa kwao zinamjia kutoka kinywa cha sheikh. Kisha sheikh akaandika Izhar ul-Haqq. Kitabu hicho ndicho kilichomwamsha Sheikh Ahmed Deedat (1918–2005) wa Durban, alipokuwa kijana wa dukani, akisumbuliwa na wanafunzi wa misheni waliokuja kununua chumvi na kumtukania Mtume wake. Watu hao walisoma kwanza ndipo wakasema. Leo kiazimwacho kwanza ni kipaza sauti.

Nitataja makosa matatu tuyasikiayo mara kwa mara.

Kosa la kwanza ni kukata maneno. Husomwa sokoni Luka mlango wa 19 aya ya 27, penye amri ya kuchinjwa maadui, na kuambiwa watu: tazameni, Yesu wenu ameamrisha kuua! Na mwenye kusoma kuanzia aya ya 11 aona wazi kwamba ni mfano wa mfalme katika hadithi, na aliyesema ni mfalme yule. Sasa tuulizane: ni tofauti gani baina ya hilo na kitendo cha adui wetu aichukuaye aya ya 5 ya Sura at-Tawba peke yake, na kuziacha za kabla yake na baada yake zitajazo mapatano na kumpa amani amtakaye amani? Au na mtu aliyesoma katika Sura al-Maun aya ya nne, iwakemeayo wenye kusali, akanyamaza asiseme ni wasalio namna gani? Tukichukia kutendewa, tusitende.

Kosa la pili ni kudai bila dalili. Wakifika katika Injili ya Yohana mlango wa 14, penye habari ya Msaidizi atakayekuja, baadhi yao husema neno la Kiyunani lilikuwa jingine lenye maana ya Ahmad, likageuzwa. Sisi twaamini bila shaka kwamba Nabii Isa alimbashiri Mtume wetu, kwani Kurani imesema, katika Sura as-Saff. Lakini imani hiyo haitupi ruhusa ya kudai juu ya nuskha za Kiyunani jambo ambalo hatujaonyesha nuskha yake. Mwenye nayo ailete. Asiye nayo na asimame penye imani yake, pana nguvu ya kutosha.

Kosa la tatu ni zito zaidi. Inauzwa katika mihadhara ile iitwayo Injili ya Barnaba, na watu huambiwa kwamba hiyo ndiyo Injili ya kweli iliyofichwa na makanisa. Tarjama yake ya Kiingereza ilitolewa Oxford mwaka 1907, na ya Kiarabu Misri mwaka 1908, na Sheikh Rashid Rida ndiye aliyeitoa. Nuskha yake iliyo Vienna ni ya Kitaliano, na wajuzi huitia katika karne ya 16. Mwandishi wake ampandisha Nabii Isa chomboni kwenda Nazareti, na hali Nazareti i bara, milimani. Mtu wa Pwani hahitaji kuambiwa kuwa aliyeandika hivyo hakupajua mahali hapo. Ataja mwaka wa jubilei kuwa kila miaka 100, na hali sheria ya Musa ni kila miaka 50. Desturi ya 100 ilitangazwa na Papa mwaka 1300. Na lililo kubwa kwetu Waislamu: ndani yake Nabii Isa akana kuwa yeye ni Masihi, na Masihi amfanya kuwa ni Muhammad (S.A.W.). Na Kurani yamwita Isa bin Maryam al-Masihi mara nyingi! Kitabu kiikadhibishacho Kurani chafaaje kuwa shahidi wa Kurani? Haki haina haja ya shahidi wa uwongo, na aliyemleta huaibika naye siku anapojulikana.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora, katika Sura al-Ankabut. Na katika Sura al-Maida ametukataza kuwachukia watu kusitupeleke kuacha uadilifu. Uadilifu hauishi katika mizani ya sukari na pima ya nguo. Umo pia katika kunukuu. Apunjaye maneno ya mwenziwe ni kama apunjaye kibaba.

Basi wahubiri hao wamekosea, na kosa lao limemwangukia mtu wa Suam asiye na hatia, kwa kuwa wao wana gari na yeye ana duka.

NASAHA KWETU SISI WA PWANI

Ndugu zangu, msisome haya mkadhani yahusu bara tu. Jiulizeni: mtu wa mlima Elgon aliijuaje Biblia, na kwa nini Kurani aisikia kama sauti ya mbali?

Misafara ya watu wetu wa Pwani ilifika Mumias na pande za mlima ule kabla ya kujengwa Kaimosi. Wako waliosilimu kwa sababu yao, hasa kwa Nabongo Mumia, na Mungu awalipe waliofundisha. Walakin wengi walikwenda kwa pembe, na wengine kwa biashara mbaya zaidi ya pembe. Mwenzetu aliyekuja nyuma yetu alikwenda na kitabu, akakitia katika ulimi wa wenyewe. Leo Msabaot asoma Agano Jipya kwa Kisabaot.

Na lugha yetu je? Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia ni Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Biblia nzima ya Kiunguja ikakamilika 1891, ya Kimvita 1914, na ile ya Muungano 1952. Kurani nayo? Tarjama kamili ya kwanza kwa Kiswahili, ya mwaka 1923, ilifanywa na kasisi, Godfrey Dale wa Unguja. Ya pili, 1953, ikatolewa na Ahmadiyya. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, alipiga kelele kwamba watu wafundishwe dini kwa lugha waifahamuyo, akaanza tafsiri, akafariki 1947. Hata mwaka 1969 ndipo ikapatikana kamili Qurani Takatifu ya Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy. Miaka 46 baada ya kasisi!

Na leo ipo, wangapi wetu tumeifungua? Tunakhitimisha msahafu kila Ramadhani, nalo ni jambo la thawabu. Lakini mkamate kijana wa mjini, aliyekwisha khitimisha mara tano, umwulize maana ya Sura al-Maun aisomayo kila siku. Jirani yake wa Suam, mkulima wa mahindi, hukaa jioni na wenziwe kuuliza: maneno haya yana maana gani kwetu? Sisi twamcheka kwa tafsiri yake, na tafsiri yetu hatunayo. Ndiyo maana mhubiri akisimama sokoni na kusema la uwongo juu ya vitabu vyote viwili, hapana wa kumrudi.

Kwa hivyo, ndugu yetu wa Suam, fanya haya. Nenda kwa majirani zako, uwaombe radhi kwa mzaha uliotendwa kwa jina la dini yako, ijapokuwa si wewe uliyetenda. Hilo halikupunguzii kitu. Wahubiri wakirudi, wapokee, walishe, uwaonyeshe barua hii, na uwaambie: semeni mnayoyajua, na baada ya kusema kaeni siku tatu pamoja nasi. Kisha funga duka mapema jioni moja katika wiki, wewe na Waislamu wenzio, msome Kurani na tafsiri yake, aya kumi hazizidi, muulizane. Mkifika mahali mmekwama, tuandikieni.

Ewe Mola wetu, tufahamishe Kitabu Chako, Utupe insafu kwa vitabu vya wengine, Utulinde na ulimi uendao mbele ya elimu, na Uwahifadhi waja Wako wa mlimani na wa pwani. Amin.

Wabillahi tawfiq.